Wasomaji Wanauliza: Vilima Vidogo vya Volkano

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaoishi, wanaofundisha au wanaochimba kwenye vilima vidogo vya volkano, kuanzia Chyulu nchini Kenya hadi Goma nchini Kongo. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Nafundisha jiografia Mtito Andei. Tunapowapeleka wanafunzi Chaimu, ndani ya Tsavo Magharibi, wanauliza kilima kile kilitokeaje, na kama kitalipuka tena. Nijibu nini? (Mwalimu, Mtito Andei)

Mwalimu, anza kwa kuwaondolea picha ya mwamba mmoja mkubwa uliosukumwa juu kutoka chini ya ardhi. Chaimu ni lundo la changarawe. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao ukitoka nje huitwa lava, hupanda kupitia ufa ikiwa na gesi, na inapokaribia juu mgandamizo hupungua, gesi ikafumka ghafla. Gesi hiyo huirarua lava vipande vipande na kuvirusha hewani. Vipande hupoa vikiwa angani, huanguka kuzunguka tundu na kurundikana. Mimina mahindi kutoka guniani sakafuni na utaona kanuni yenyewe: lundo hujichagulia mteremko wake, na ukizidi kumimina, yale ya juu huporomoka mpaka mteremko urudi palepale. Kwa changarawe ya volkano mteremko huo ni kati ya nyuzi 30 na 35.

Vipande vyenyewe hupangwa kwa ukubwa. Vilivyo chini ya milimita 2 ni majivu, vya milimita 2 hadi 64 ni changarawe, na vinavyozidi hapo ni mabonge. Waonyeshe wanafunzi bonge lenye ncha mbili zilizochongoka: hilo liliruka likiwa bado laini, likajisokota hewani kabla ya kutua. Waonyeshe pia matundu madogo yaliyotapakaa kwenye kila kipande. Ni nafasi za viputo vya gesi ile ile iliyofanya kazi ya kurusha.

Kasi ya ujenzi huwashangaza wengi. Kilima cha Paricutín nchini Mexico kilianza kwenye shamba la mahindi Februari 1943, na baada ya mwaka mmoja kilikuwa na urefu wa mita 336. Mlipuko ulikoma mwaka 1952 kikiwa na mita 424. Vilima vingi vya aina hii ni vifupi kuliko hapo.

Kuhusu kulipuka tena, majibu ni mawili na yasichanganywe. Kilima cha changarawe kwa kawaida hujengwa na kipindi kimoja tu cha mlipuko, kiwe cha wiki chache au miaka michache. Magma inayobaki tunduni huganda na kuziba njia, kwa hiyo Chaimu yenyewe haitarajiwi kuamka. Lakini safu nzima ya Chyulu ni jambo jingine. Ina urefu wa kilomita 100 hivi na vilima kwa mamia. Ule wa kaskazini ndio upande mkongwe, ambako milipuko ilianza yapata miaka milioni 1.4 iliyopita, na kadiri unavyoshuka kusini-mashariki ndivyo vilima vinavyozidi kuwa vipya. Chaimu na uwanda wa lava wa Shetani viko upande huo mpya, na vinakadiriwa kuwa vya katikati ya karne ya 19. Kwa umri wa volkano, hiyo ni jana. Magma ikipanda tena itatafuta ufa mwingine na kuanzisha kilima kipya kando. Hata Kilimanjaro ina vilima vidogo kama 250 ubavuni, na kila kimoja kina mlipuko wake.

Kilima cha kwetu kimebomoka upande mmoja, kimekaa kama kwato ya punda. Wazee wanasema ni mvua. (Msomaji, Kibwezi)

Mvua haina nguvu hiyo kwenye changarawe. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na lava. Mwishoni mwa mlipuko gesi huwa imepungua, na lava iliyobaki ni nzito kuliko lundo jepesi lililoizunguka. Badala ya kupanda hadi ukingo wa kreta (shimo la kileleni), hupenya chini ya kilima, ikasukuma upande ulio dhaifu na kuubeba. Nenda upande wenye pengo ufuate bonde: ukikuta ulimi wa lava nyeusi ukianzia pale, na vipande vya changarawe nyekundu vimekaa juu yake, basi hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Usichanganye pengo hilo na ukingo ulioinuka upande mmoja tu bila kubomoka. Huo ni upepo: wakati wa mlipuko ulipeleka changarawe nyingi upande mmoja, ukingo wa huko ukawa mrefu zaidi.

Je, kuna zoezi la kupima kilima ambalo wanafunzi wa sekondari wanaweza kulifanya bila vifaa vya gharama? (Mwalimu, Voi)

Lipo, na vifaa ni kipimapembe cha plastiki, uzi wa sentimita 30, nati moja nzito na kamba ya mita 50. Funga uzi kwenye kitundu cha katikati ya kipimapembe, ning'iniza nati. Mwanafunzi wa kwanza asimame chini ya mteremko, wa pili mwenye kimo sawa naye apande kama mita 20. Wa kwanza ashike kipimapembe upande bapa ukiwa juu, achungulie kwenye ukingo huo bapa mpaka aone macho ya mwenzake, kisha mtu wa tatu asome uzi ulipoangukia. Toa namba hiyo kutoka 90. Kinachobaki ni mteremko. Uzi ukionyesha 58, mteremko ni nyuzi 32. Pimeni mahali pasipopungua patano na mchukue wastani, maana upande wa upepo hutofautiana.

Makosa hutokea pale pale kila mara: wanafunzi kutolingana kimo, au kupima karibu na chini ambako changarawe iliyoporomoka imelaza mteremko. Kaeni katikati ya ubavu.

Kisha linganisheni na kilima kipya cha kawaida. Urefu wake huwa kama asilimia 18 ya upana wa kitako, na upana wa kreta kama asilimia 40. Kitako cha mita 500 kitadai urefu wa mita 90 na kreta ya mita 200. Fanyeni hesabu: ubavu unapanda mita 90 katika mita 150 za mlalo, na hizo ni nyuzi 31, karibu sawa na mteremko wa asili wa changarawe. Kilima kilichopungukiwa sana na vipimo hivyo, chenye mteremko wa nyuzi 15 na kreta iliyojaa udongo, ni kizee. Dalili nyingine ya uzee ni makorongo ubavuni. Kilima kipya hakina makorongo kwa sababu maji yote huzama. Hayo huja baadaye, majivu yakishaoza na kuwa udongo wa mfinyanzi unaozuia maji kupenya.

Msitumie mimea peke yake kukadiria umri. Upande unaopata mvua huota majani mapema kuliko upande mkavu wa kilima hicho hicho.

Ndani ya hifadhi mshuke kwenye gari pale tu panaporuhusiwa, na mfuate maelekezo ya askari wa wanyamapori. Viatu viwe vigumu vya kufunika kifundo. Ubavuni mwa Chaimu kila hatua mbili hukurudisha moja, na lava ya Shetani hukata soli za raba. Mteremshe wanafunzi kwa mistari ya kando kwa kando. Wakifuatana, jiwe la aliye juu humpata wa chini.

Nina shamba chini ya vilima vya Chyulu. Hakuna kijito hata kimoja, lakini chemchemi ya Mzima inabubujika mwaka mzima. Maji yanatoka wapi, na nikichimba kisima kilimani nitayapata? (Mkulima, Makueni)

Maji ni ya mvua na ukungu wa Chyulu yenyewe, ambayo kilele chake kinafika mita 2,188. Hayapati nafasi ya kutiririka juu. Yanazama kwenye changarawe na majivu, yanapita kwenye nyufa za lava na kwenye mapango marefu yaliyoachwa na lava iliyotiririka chini kwa chini (pango la Leviathan, huko huko Chyulu, lina zaidi ya kilomita 11), mpaka yanakutana na miamba ya kale isiyopitisha maji kirahisi. Hapo yanafuata mteremko wa miamba hiyo kuelekea pembezoni mwa safu, na yanatokea pale lava inapoishia: Mzima, Umani karibu na Kibwezi, na chemchemi nyingine ndogo. Mzima hutoa takriban lita milioni 220 kwa siku, na sehemu ya maji hayo hunywewa Mombasa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950.

Kwa hiyo usichimbe kilimani, ndugu. Kilima ni mahali pa maji kupita tu. Utalipia mita nyingi za changarawe kavu ambazo kazi yake ni kukuharibia kisima: upepo wa mashine ya kuchimbia hupotelea kwenye matundu, uchafu haupandi, kuta zinaporomoka na chombo kinanasa. Anayechimba kwenye tabaka la namna hii lazima ateremshe bomba la kushikilia kuta kadiri anavyoshuka, na gharama hupanda ipasavyo. Tafuta sehemu ya chini ya shamba, karibu na mwisho wa lava. Fanya upimaji wa maji chini ya ardhi kwanza, omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ndipo umwite mwenye mashine.

Ukiyapata, peleka sampuli maabara ipimwe floraidi kabla ya kujenga tangi. Miamba ya volkano huweza kuitoa kwa wingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wengi wa sehemu za Arusha na Meru yanatokana na maji yaliyozidi hapo, na kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale na kuzidi kukolea.

Jambo lingine: changarawe inayopitisha mvua haraka hupitisha choo haraka vilevile. Shimo la choo lisikae upande wa juu wa kisima.

Tunachimba moramu (ndivyo tunavyoita changarawe ya volkano) kwenye kilima na ukuta umetuangukia mara mbili, wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Kwa nini? (Kikundi cha vijana, Himo)

Kwa sababu unyevu ndio uliokuwa unaushikilia. Changarawe yenye unyevu kidogo hushikana. Ukiikata wima husimama hata mita tatu ukadhani ni mwamba. Jua likiikausha, mshiko huo unakwisha na kitu kinarudi kwenye tabia yake ya nyuzi 33. Hakuna onyo refu: punje chache zinaanza kumwagika usoni mwa ukuta, kisha ukuta wote.

Kosa la pili, nalo ndilo la kawaida zaidi, ni kuchimba kwa chini kwa kuwa ndiko lori linakofika. Mnaondoa kitako kilichobeba mzigo wote wa juu. Hali huwa mbaya zaidi karibu na kreta, ambako vipande vilianguka vikiwa bado vya moto vikagandamana na kuwa tabaka gumu. Tabaka hilo hubaki juu kama paa huku changarawe legevu iliyo chini yake ikichotwa. Paa hilo likianguka huja zima zima.

Chimbeni kutoka juu kushuka, kwa ngazi. Ukuta wa kila ngazi usizidi mita 1.5, na sakafu ya ngazi iwe na upana wa mita 2.5. Ukichukua vipimo hivyo, mteremko mzima wa machimbo unakuwa nyuzi 31, chini kidogo ya ule wa asili, na hata ngazi moja ikimomonyoka inaishia kwenye sakafu yake. Mnachochimba kisukumwe chini hadi lori, na lori lisimame mbali na mguu wa mteremko. Kila asubuhi mtu mmoja apande kukagua nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Akiona ufa, siku hiyo hakuna anayefanya kazi chini yake mpaka kipande hicho kiangushwe kutoka juu. Awepo pia mtu wa kutazama ukuta ambaye hashiki beleshe kabisa; mwenye beleshe anatazama beleshe.

Gharama ya ngazi ni eneo kubwa zaidi la kufyeka na njia ndefu ya kusukuma. Wenye machimbo hulalamikia hilo. Hatuoni njia nyingine.

Kuna changarawe nyekundu na nyeusi kwenye kilima kimoja. Ipi ni nzuri kwa matofali, na je, ni kweli inaweza kuchukua nafasi ya saruji? (Fundi, Moshi)

Nyeusi na nyekundu ni lava ile ile. Iliyo karibu na tundu ilikaa kwenye joto na mvuke muda mrefu, chuma chake kikashika oksijeni na kuwa chekundu. Iliyotua mbali ilipoa haraka ikabaki nyeusi. Rangi peke yake haikuambii ubora, fundi. Cha kuangalia ni udongo na uzito.

Kwa udongo, jaza chupa ya kioo nusu kwa kifusi kilichochekechwa, ongeza maji yenye chumvi kidogo mpaka karibu ijae, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga wa milimita 100 likizidi milimita 6, kifusi kioshwe au kiachwe. Nyekundu hufeli jaribio hili mara nyingi zaidi, hasa ya tabaka za juu. Kwa uzito, pima ndoo ya lita 20 iliyojaa: changarawe ya volkano iliyo kavu huwa kilo 14 hadi 20, wakati kokoto za mwamba mgumu ni kama kilo 28. Ikiwa chini ya kilo 14 na inapondeka kati ya vidole, iache ikawekwe njiani.

Matofali ya kawaida ya ukuta: sehemu 1 ya saruji kwa 8 za changarawe iliyopita kwenye chekeche la milimita 10, vumbi lake likiwemo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo ni ndoo 14 za lita 20. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Changarawe kavu hunywa maji. Fundi anachanganya, baada ya dakika kumi mchanganyiko umekakamaa, anaongeza maji, na tena, na tofali linatoka dhaifu lenye nyufa. Lowesha changarawe jioni, asubuhi iache ichuje mpaka iwe imelowa ndani lakini haing'ai maji kwa nje, ndipo uchanganye. Mchanganyiko uwe wa kushikana ukiubana kwenye kiganja, bila kuacha maji mkononi. Mwagilia matofali kivulini siku 7 na uyajengee baada ya siku 28. Kwa tofali la inchi 6, mfuko mmoja ukitoa 14 au 15 ni sawa. Anayekuahidi 40 anakuuzia mchanga.

Usiitumie kwenye nguzo, mihimili wala sakafu ya ghorofa bila hesabu ya mhandisi. Zege lake hupitisha maji, na nondo zitashika kutu ndani huku nje ukuta ukionekana mzima.

Kuhusu saruji, kuna ukweli nusu. Viwanda vya Kenya na Tanzania huchanganya kifusi cha volkano kwenye saruji: mfuko ulioandikwa CEM II/B-P una asilimia 21 hadi 35 ya kifusi hicho, na CEM IV/B una 36 hadi 55. Lakini kiwandani kinasagwa mpaka kuwa laini sawa na saruji yenyewe, ndipo kinapoweza kushikana na chokaa inayotolewa na saruji ikigusa maji. Majivu uliyoyachekecha kilimani hayajafikia ulaini huo. Ukipunguza saruji ukaongeza hayo, umepunguza saruji tu.

Moramu ya mfinyanzi mwekundu unayomwaga barabarani ni kitu kingine kabisa. Ile hushikana ikishindiliwa. Changarawe ya volkano husambaa chini ya magurudumu isipochanganywa na udongo.

Huku Goma tuna mazuku. Watu hushusha mshumaa shimoni, ukiwaka wanaingia. Ni salama? (Msomaji, Goma)

Hapana. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayopenya kutoka ardhini kupitia lava ya zamani. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, hivyo hukaa mabondeni, kwenye mashimo na kwenye misingi iliyochimbwa. Mshumaa huzimika tu pale oksijeni ikishapungua sana, na kabla ya kufika hapo kaboni dioksidi imeshakuwa nyingi ya kumlewesha mtu. Ikifika asilimia 10 mtu huanguka kwa dakika chache. Kwa hiyo mshumaa unaowaka haukuhakikishii lolote.

Kimo nacho kina maana. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri pahali ambapo mtoto, mbuzi au mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu anaanguka. Usiku na alfajiri bila upepo ndiyo saa mbaya zaidi. Ndege au panya waliokufa shimoni ni alama ya kuheshimiwa. Mtu akianguka, usiruke kumfuata: mtupie kamba, au mvute ukiwa umesimama juu, la sivyo mtakuwa wawili. Usijenge chumba cha kulala chini ya usawa wa ardhi, usitumie shimo la lava kuwa choo au ghala, na usiwaache watoto wachezee humo. Ofisi ya uchunguzi wa volkano ya Goma, OVG, ina vipimo vya gesi. Shimo jipya likifunguka, kama yalivyofunguka nyufa mwaka 2002 na 2021 Nyiragongo ilipolipuka, wapeni taarifa kabla ya mtu yeyote kushuka.

Nimeokota jiwe jeusi zito lenye punje za kijani ndani. Ni kito? (Msomaji, Monduli)

Punje hizo huenda ni olivini, madini ambayo yakiwa safi na makubwa hukatwa na kuuzwa kama kito cha peridoti. Jaribu kwa kisu: olivini haikwaruziki kwa chuma cha kawaida, na rangi yake ni ya kijani cha chupa inayoelekea manjano. Shida ni ukubwa. Punje nyingi ni za milimita chache, zimepasuka, na hazikatiki.

Thamani ya jiwe lako iko kwingine. Kama kijani hicho kimekaa kama bonge la chembechembe lenye mpaka mkali ndani ya lava nyeusi, basi ni kipande cha mwamba wa kina cha makumi ya kilomita kilichong'olewa na magma ikipanda. Kilima cha Lashaine, huko huko Monduli, kinajulikana na wanajiolojia duniani kwa mawe ya namna hiyo, baadhi yakiwa na punje nyekundu za ganeti kando ya zile za kijani. Usilipasue kwa nyundo kutafuta kito. Lifunge kwenye gazeti, andika mahali ulipolitoa na tarehe, na ulipeleke kwa mwanajiolojia wa ofisi ya madini iliyo karibu nawe.